Wembe wa Usalama Ukikusumbua, Anza na Saa Dalili Ilipotokea

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mtu akijikata kidevuni husingizia wembe. Kwa miaka kadhaa sasa jamaa na marafiki wamezoea kunitumia picha za shingo zao: kioo cha bafuni, taa kali, vipele, halafu swali moja tu, "Kaka, ninunue wembe gani?" Nami humrudishia swali: vimetoka lini?

Wengine hudhani nakwepa. Ngozi ya uso haina maneno mengi. Ikikerwa inajua kuwaka, kuwasha na kuvimba, basi. Kosa la mkono, kosa la sabuni na tabia ya nywele zenyewe vinaweza kufanana kabisa kwenye picha, ila havitokei saa moja. Maumivu yakija wembe ukiwa bado usoni, shuku wembe au maji. Uso ukianza kuwaka dakika chache baada ya kusuuza, shuku mkono wako. Ukiwaka pale tu ulipopaka kitu, ni hicho ulichopaka. Vipele vikichomoza siku ya pili au ya tatu, nywele zinarudi ndani ya ngozi. Na kwenye ngozi nyeusi usingoje uone wekundu, maana mara nyingi hauonekani. Pitisha mgongo wa vidole, usikilize joto na ukwaruzo.

Nikisema "kishikio" hapa nina maana ya kifaa kizima cha chuma, yaani mpini, bamba la chini na kifuniko cha juu. "Wembe" ni lile bapa jembamba lenye makali pande mbili linalowekwa katikati yake.

Kabla ya yote: wembe umekaa sawa?

Hili naliweka mbele kwa sababu liliniponza wiki tatu nzima. Shavu la kulia lilikuwa likitoka laini, la kushoto linachubuka. Nikabadilisha sabuni. Nikabadilisha wembe mara mbili. Nikafika mahali nikaamini ngozi yangu ya kushoto ni dhaifu tangu kuzaliwa. Siku moja kishikio kilikuwa kimelala kwenye sinki, mwanga wa dirisha ukapiga kichwa chake, nikaona: upande mmoja makali yamechungulia kama uzi, upande wa pili yametokeza karibu mara mbili ya hapo. Kumbe nilikuwa nakaza mpini huku nimeshika kifuniko kwenye kona, na wembe unakaa mshazari. Kwa kuwa kila shavu nililinyoa kwa upande wake uleule, kosa likajificha.

Kwa hiyo, kila unapoweka wembe mpya, inua kishikio kwenye mwanga, kichwa kikikutazama, ulinganishe pande zote mbili. Zisipolingana, legeza, bana kifuniko na bamba pamoja ukishika zile ncha fupi zisizo na makali, kisha kaza mpini huku bado umebana. Bado zimepishana? Geuza kifuniko nusu mzunguko, au jaribu wembe mwingine. Ikishindikana hapo, kishikio kimepinda kwa kuanguka au kilitoka kiwandani kibovu. Usikinyooshe kwa koleo. Kibadilishe.

Vile vishikio vinavyofunguka juu kama mlango wa mabawa mawili huwa na tatizo lao: sabuni iliyoganda kwenye bawaba huzuia bawa moja lisifunge hadi mwisho. Mswaki wa zamani na maji ya moto vinatosha.

"Unavuta nywele badala ya kukata"

Mara nyingi ndevu hazijalowa. Unywele mkavu wa ndevu ni mgumu. Ukikaa kwenye maji ya vuguvugu dakika 2 hadi 3 hunywa maji, hulainika, na hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kuchovya vidole na kujipangusa hakuhesabiki. Nyoa baada ya kuoga, au funika uso kwa kitambaa chenye maji ya moto ya kuvumilika. Asiyeamini ajaribu hivi: aloweshe shavu moja dakika tatu kamili, jingine kama alivyozoea, anyoe yote kwa wembe mmoja. Hatahitaji kuniuliza tena.

Kinachofuata kwa kawaida ni wembe uliochoka. Mmoja hufaa kwa kunyoa mara 3 hadi 7 hivi, na mwenye ndevu ngumu ahesabu upande wa chini. Watu hushangaa unywele unawezaje kuishinda chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha jibu kwenye jarida la *Science* baada ya kutazama wembe ukikata nywele chini ya hadubini ya elektroni. Chuma cha wembe ni kigumu mara 50 hivi kuliko unywele, lakini unywele unapopinda mbele ya makali, na ukikutana na mahali ambapo chuma hakina usawa ndani yake, hung'oa kipande kidogo. Wembe haupotezi tu makali taratibu kama kisu cha jikoni, unamegeka. Ndiyo maana kuusugua kwenye suruali ya jinzi hakurudishi kilichomegeka. Tangu King Camp Gillette alipopewa hataza yake Marekani mwaka 1904, wazo lenyewe la wembe huu lilikuwa utumike, utupwe.

Usiupanguse kwa taulo pia. Nyembe nyingi za sasa zimepakwa tabaka jembamba la PTFE, ndugu wa lile la vikaango visivyogandisha, na taulo hulikwangua. Suuza, kung'uta, acha ukauke.

Sababu ya tatu ni ndevu ndefu. Zikizidi siku nne au tano, zipunguze kwanza kwa mashine au mkasi. Ukiwa umefanya yote hayo na bado unavutwa, hapo ndipo nakubali tuzungumze aina ya wembe. Ni kweli zinatofautiana kwa ukali, na uliomfaa mwenzako unaweza usikufae.

Wembe ukianza kuvuta katikati ya kunyoa, usiongeze nguvu. Simama, badilisha, endelea. Na ulioanguka sakafuni utupe hata kama ni mpya.

"Najikata kila mara"

Mkandamizo. Nikipewa nafasi ya kukisia mara moja tu, nitasema hivyo bila kuangalia uso wako. Anayetoka kwenye nyembe za plastiki zenye makali matatu au matano amezoea kusukuma, kwa sababu kichwa cha kifaa kile huchezacheza na kufuata uso. Hiki hakichezi. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. Kazi yako ni kukiongoza. Shika mpini mwishoni kabisa kwa gumba na vidole viwili. Ukishika pale, hata ukitaka kukandamiza, mkono unakosa pa kujikazia.

Baada ya mkandamizo ni pembe, na hii haielezeki vizuri kwa digrii ingawa watu husema 30. Fanya hivi. Weka kifuniko juu ya shavu lenye povu, mpini umesimama kutoka usoni kama msumari ukutani. Hapo makali hayagusi kitu. Sasa shusha mpini polepole huku ukivuta mistari mifupi ya sentimita mbili tatu. Utasikia kwa masikio: mwanzo kimya, kisha kale kasauti ka nywele zinazokatika, kama mtu anayepitisha kucha kwenye karatasi. Simama hapo hapo. Ukizidi kushusha, sauti inakuwa nzito na unaanza kukwangua ngozi. Zima feni, zima redio. Wiki ya kwanza sikio linafundisha kuliko kioo.

Sehemu zinazokatika sana ni nne: kona ya taya, kidevu, kikoromeo, na chini ya pua. Kote huko uso hupinda na kifaa hakipindi, kwa hiyo mistari iwe mifupi zaidi. Kwenye kikoromeo, sogeza ngozi pembeni kwa kidole ili unyoe mahali tambarare. Na popote pale usiteleze wembe kiubavu. Mkato mrefu, mwembamba, unaotoka damu nusu saa, karibu daima ni wa kuteleza kiubavu.

Ukishakatika, maji baridi, kisha bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoirudisha damu. Kwa vijikato vidogo jiwe la shabu hufanya kazi vizuri: lilowanishe, gusa, ngoja, suuza. Liwe lako peke yako.

Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, azungumze na daktari wake kabla ya kuanza wembe huu. Mashine ya umeme ni salama zaidi kwake. Na kwa yeyote, damu isiyosimama baada ya kubana dakika 15, au kidonda kilichoachama midomo, ni cha kwenda kituo cha afya.

"Nikimaliza, uso unawaka moto"

Tenganisha kwanza mambo mawili. Safari ijayo, ukimaliza, suuza kwa maji baridi na usipake chochote kwa nusu saa. Uso ukiwaka hata hivyo, ni namna unavyonyoa. Ukitulia, ni ulichokuwa unapaka.

Kama ni namna unavyonyoa, rudi kwenye mkandamizo na pembe hapo juu, kisha hesabu ni mara ngapi wembe unapita mahali pamoja. Wengi wakiulizwa husema mara mbili. Ukiwasimamia ni mara sita, maana kila wakiona kinywele kimebaki wanarudi, na wanarudi bila povu. Kwa wiki mbili pitisha mara moja tu, kufuata ndevu zinakoelekea, ukubali kubaki na kaukwaruzo. Ngozi ikitulia, ongeza mpito wa pili wa kukatisha kwa upande, baada ya kupaka povu upya. Kunyoa kinyume cha ndevu ni anasa. Si haki ya kila ngozi.

Kama ni ulichopaka, washukiwa ni spiriti na manukato, halafu mentoli. Mwasho unaoisha ndani ya dakika moja ni wa kawaida kwa losheni yenye spiriti. Unaodumu, au unaoacha ngozi kavu yenye magamba, ni ngozi inakataa. Bidhaa mpya ijaribu kwenye kiwiko upande wa ndani, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, kabla ya kuipeleka usoni. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, hilo ni la dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuna kundi moja husahaulika: wanaotumia dawa za chunusi za jamii ya vitamini A, za kupaka au za kumeza kama isotretinoini. Ngozi yao huwa nyembamba na huchubuka kirahisi. Wasinyoe kwa wembe bila kumuuliza aliyewaandikia dawa.

"Povu linakauka kabla sijafika kidevuni"

Maji kidogo, sabuni nyingi. Ongeza matone machache na uzungushe tena mpaka povu ling'ae kama mtindi. Likisimama kama pamba, bado kavu. Kama sabuni haitoi povu hata ufanyeje na inaacha utando mweupe kwenye beseni, maji yako ni magumu, yana kalisi nyingi. Jaribu mara moja kwa maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa) au ya mvua ili uwe na uhakika, halafu hamia kwenye krimu ya kunyolea. Sabuni ya kuogea si mbadala. Inasafisha lakini haitelezeshi.

"Jioni kunakwaruza tena"

Ndevu hukua karibu theluthi moja hadi nusu milimita kwa siku, kwa hiyo ukwaruzo wa jioni si hitilafu. Mabaka yanayobaki asubuhi ileile ndiyo hitilafu, na sababu ni kutojua ndevu zako zinaelekea wapi. Ziache siku mbili, pitisha kidole pande nne: kule kunakoteleza ndiko zinakoelekea. Wengi hugundua shingoni zinalala ubavu, au zinazunguka kama kisulisuli.

"Vipele shingoni, siku mbili baada ya kunyoa"

Hapa tukae, maana hapa ndipo watu wanapoumia kwa miaka na kuuziwa kila aina ya mafuta.

Mwenye nywele za kujikunja ana mzizi uliopinda chini ya ngozi. Akikata unywele, ncha inabaki kali kama ya mkuki uliochongwa mshazari. Kuna njia mbili za kujidhuru. Ya kwanza, unywele unatoka nje kama kawaida, unajipinda, ncha inachoma ngozi ya jirani na kuingia tena. Ya pili, ulivuta ngozi na kunyoa kinyume, unywele ukakatwa chini ya usawa wa ngozi; ukiachia ngozi, ncha inajirudi ndani na kutoboa ukuta wa kishimo chake bila hata kuona jua. Mwili unauona unywele wake mwenyewe kama mwiba, unaupiga vita, na kipele ndiyo matokeo. Si uchafu, wala si uvivu wa kuosha uso. Hata ule usaha mdogo wa juu mara nyingi ni wa vita hiyo, si wa vijidudu.

Kwa hiyo ushauri wa jumla wa "nyoa chini kabisa upate ulaini" ndio unaomwumiza mtu huyu zaidi. Ulaini wa shavu la mtoto ndio ugonjwa wenyewe.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu na ndiyo inayokataliwa zaidi: acha kunyoa. Wiki 4, au zaidi kama vipele ni vingi. Wiki ya kwanza hali huonekana kuwa mbaya zaidi, usikate tamaa. Nywele zikikaribia urefu wa sentimita moja hujifyatua zenyewe kama springi. Wakati huo osha uso taratibu kwa kitambaa laini kwa mizunguko midogo, ili ncha zilizolala ziinuke. Unywele unaouona wazi umepinda kama kitanzi juu ya ngozi unaweza kuuinua kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti. Inua tu. Usiung'oe, kwa sababu utakaoota badala yake utaanzia chini ya ngozi, na usichimbue usiouona.

Ngozi ikitulia, chagua. Kwa wengi jibu bora la kudumu ni mashine ya umeme inayoacha kama milimita moja, na hapo sioni aibu kusema wembe si kwa kila mtu. Kama unautaka wembe, huu wa makali mamoja kwa mpito una unafuu kuliko ule wa makali mengi, ambao huvuta unywele na kuukata chini. Masharti ni haya: maji ya kutosha, mpito mmoja, kufuata ndevu, bila kuvuta ngozi, na siku mbili tatu za mapumziko katikati. Unaona hapa nakataza kuvuta ngozi. Kule kwenye kikoromeo nilisema kusogeza, si kukaza kama ngozi ya ngoma.

Dawa za kusaidia zipo: asidi ya glikoliki au salisiliki hupunguza tabaka la juu la ngozi ili nywele zipenye, na benzoili peroksidi husaidia vinavyotunga usaha, ingawa hupausha taulo na foronya. Anza na nguvu ndogo, usiku usio wa siku ya kunyoa. Poda na krimu za kuyeyusha nywele huwafaa baadhi ya watu kwa sababu haziachi ncha kali, lakini ukizipitiliza muda ulioandikwa huunguza kweli. Weka saa mbele yako.

Nenda kwa daktari wa ngozi iwapo wiki 6 za kupumzika hazijaleta nafuu, vipele vinakuwa vinundu vigumu, au unajua ngozi yako huacha makovu yanayovimba kupita kidonda. Huyo wa mwisho asisubiri wiki 6. Daktari anaweza pia kuzungumzia leza, na hapo uliza swali moja: ni ya mawimbi gani? Kwa ngozi nyeusi inayopendelewa ni leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1064, kwa sababu hupita rangi ya ngozi bila kuiunguza sana kama nyingine zinavyofanya.

Vipele vya kisogoni baada ya kunyolewa nywele ni ndugu wa karibu, ila hugeuka makovu magumu upesi zaidi. Usivichezee nyumbani.

"Vipele vimekwisha, madoa meusi yamebaki"

Madoa ni kumbukumbu ya uvimbe, na hufifia kwa miezi, si kwa siku, mradi vipele vipya visitokee. Kuyashughulikia huku bado unajichubua ni kupiga deki bomba likivuja. Kinga ya jua ya kiwango cha SPF 30 kila asubuhi husaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Onyo: krimu za kung'arisha zisizoorodhesha vilivyomo ziache. Baadhi zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Mkataba wa Minamata ulipanga vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni viondolewe ifikapo 2020, lakini bado hupenya. Nyingine zina steroidi kali, ambayo hupunguza madoa leo na kukuachia ngozi nyembamba yenye vipele vipya baadaye.

"Nafuga, lakini ndevu zinawasha"

Wiki mbili hadi nne za mwanzo mwasho ni wa ncha kali zilizokatwa. Mafuta kidogo na subira vinatosha. Ukiendelea baadaye, tazama kama kuna magamba. Magamba makavu meupe yanayopukutika kama unga ni ya ngozi kukaushwa na sabuni: osha ndevu mara mbili tatu kwa wiki, si kila siku, na ufikishe mafuta kwenye ngozi, yasiishie kwenye nywele. Magamba ya manjano, yenye mafuta, hasa yakiwepo pia kwenye nyusi na kando ya pua, ni mba wa chachu iitwayo Malassezia. Chachu hii hula mafuta, kwa hiyo kadiri unavyopaka ndivyo unavyoikaribisha mezani. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, ikae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza, hutuliza wengi ndani ya mwezi.

Mapengo ya kuzaliwa nayo si ugonjwa. Pengo jipya la mviringo, laini kama sarafu, ni la kumwonyesha daktari. Vivyo hivyo uvimbe wa upande mmoja ambao nywele zake zinachomoka bila maumivu ukizivuta kidogo: huo huwa fangasi wa ndevu, mara nyingi umetoka kwa mifugo, na unahitaji dawa ya kumeza. Ukiupaka krimu ya steroidi utauficha huku ukienea.

Kishikio na brashi

Nyeusi au kijani kwenye mikunjo ya kishikio kwa kawaida ni sabuni na chumvi za maji. Kifungue vipande vitatu, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki. Usitumie dawa ya klorini. Vishikio vingi vya bei ya chini ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Tabaka likishatoboka, chuma cha ndani huliwa na hakuna kupaka upya kunakofaa. Hivyohivyo parafujo ya kifuniko hukatika kwa kukazwa mno. Kaza mpaka wembe usicheze, uishie hapo.

Brashi mpya kupoteza singa chache wiki za kwanza ni kawaida. Ikiendelea kumwaga mafungu, gundi imeachia, na mara nyingi ni kwa sababu ilizamishwa hadi shingoni kwenye maji ya moto. Harufu ya kuoza ni brashi iliyofungiwa ikiwa mbichi.

Weka wembe chini kabisa ukiona haya

Jipu au usaha unaoenea, ngozi yenye joto na maumivu yanayoongezeka, homa, au tezi zilizovimba chini ya taya. Kipele chenye usaha kati ya pua na pembe za mdomo usikikamue. Mishipa ya hapo huwasiliana na ya ndani ya fuvu. Malengelenge ya homa ya mdomo, ambayo wembe huyasambaza uso mzima. Vijichunjua bapa vilivyopangana mstari, dalili kwamba umevipanda mwenyewe kwa kunyoa. Baka jeusi au kidutu kinachotoka damu, kinachobadilika rangi, au kisichopona.

Na wembe ulionyoa mtu mwingine usiguse ngozi yako, hata wa ndugu, hata ulioonekana mkavu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa kinyozi, mwombe afungue mpya mbele ya macho yako.

Zilizokwisha kazi usizitupe wazi kwenye mfuko wa taka, kuna mtu ataubeba. Chukua kopo la bati lenye kifuniko, lichane tundu jembamba juu, ziwe zinaingia zisitoke, na likijaa lizibe kwa utepe mgumu na uandike "nyembe" ubavuni. Halijai haraka: wembe mmoja una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo 100 zikipangana ni sentimita moja tu.